Daraja Lililowakosesha Alama

Katika nchi ya Tutafika, ambayo mtu akiitafuta kwenye ramani atajichosha bure, upo mkoa uitwao Kisogo. Walioupa jina hilo hawakuwa na nia mbaya. Makao Makuu ya nchi yalijengwa yakitazama upande mwingine, basi, na nyumba ikishaezekwa haigeuzwi.

Huko Kisogo, ukingoni mwa mto Nyangeta, kipo kijiji cha Chungwi, na hapo ndipo alipoishi Pelagia Mtweve, mjane wa miaka hamsini na miwili, mama wa mtoto mmoja, na mtu pekee aliyejua daraja la Chungwi lilishikiliwa na nati ngapi. Zilikuwa mia moja na kumi na sita.

Daraja lilijengwa na mumewe, marehemu Ndimbo. Wenye shamba la mkonge walipofunga na kuondoka, waliacha nyaya nene za chuma zimelala porini, na Ndimbo akazikokota kwa ng'ombe wa kuazima hadi mtoni, akazifunga kwenye nguzo, akapanga mbao juu yake. Kazi ilimchukua viangazi vitatu. Hakuomba kibali, kwa kuwa hakujua kuvuka mto kunahitaji kibali. Na serikali haikumzuia, kwa kuwa haikujua kwamba yupo. Daraja liliyumba mtu akipita, na mbuzi walikataa kulikanyaga mpaka wabebwe, lakini mtoni mlikuwa na mamba, na tangu lilipofungwa hakuna aliyeliwa tena. Ng'ambo, kijijini Lutende, ndiko kulikokuwa na zahanati, shule, soko na kituo cha basi. Huko ndiko pia alikoolewa binti yao, Fausta, kwa fundi cherehani mmoja mpole aitwaye Abeli.

Ndimbo alikufa kwa kifua. Pelagia hakulia msibani, na wanawake waliomshika mabega walisema atalia baadaye, bado mapema. Miaka miwili ikapita. Alichofanya ni kuchukua spana ya mumewe kila Jumamosi, kwenda darajani, kukaza nati moja baada ya nyingine hadi ya mwisho, kisha kurudi nyumbani kuinjika sufuria. Akiulizwa hali alijibu nzuri. Haikuwa uongo wala haikuwa kweli. Lilikuwa jibu tu.

*

Mwaka huo serikali ya Tutafika, kwa huruma ambayo majirani wanaionea wivu, ilianzisha Mfuko wa Kuinua Maeneo Yaliyoinama. Redio ilieleza kwamba barabara, madaraja na ajira sasa vitakwenda mikoani, kwa watu waliosahauliwa, ambao serikali ilikuwa imewakumbuka katika kikao cha siku mbili. Ila havitagawiwa ovyo. Vitakwenda kwa wanyonge waliothibitishwa, maana nchini walikuwepo wengi wanaojifanya maskini bila cheti.

Ndipo Chungwi ikapata mgeni. Aliitwa Evaristi Kong'oto, na cheo chake kilikuwa Afisa Mkadiriaji wa Uduni, Daraja la Kwanza. Hilo kweli lilikuwa daraja la kwanza ambalo serikali iliwahi kulifikisha Chungwi. Alikuwa kijana mstaarabu, mwenye kalamu tatu mfukoni, asiyepandisha sauti. Alishuka kwenye basi Lutende, akavua viatu, akavuka daraja la Ndimbo ameshika waya kwa mikono miwili na mkanda wa begi kwa meno, na alipofika upande wa pili akafuta jasho na kusema kwamba ni daraja zuri sana. Kisha akafungua fomu na kuliandika.

Fomu ilikuwa na alama mia za uduni, na kijiji kilitakiwa kupata sitini ili kistahili kuinuliwa. Siku nzima Kong'oto alizunguka akihesabu visivyokuwepo. Umeme hakuna, alama kumi. Zahanati hakuna, alama kumi. Mnara wa simu hakuna, alama nane. Wanakijiji walimfuata nyuma wakimwonyesha kila walichokosa kama watu wanaotembeza mgeni shambani, na bibi mmoja, aliposikia yuko jirani, alikwenda kuficha godoro. Jioni Kong'oto akajumlisha. Chungwi ilikuwa imepata hamsini na mbili.

Mwenyekiti wa kijiji, Methodi Sanga, alimwomba ahesabu upya. Akahesabu upya bila kinyongo na kupata zilezile. Tatizo, alieleza, ni daraja. Hilo peke yake limewakata alama kumi na tano.

"Lakini daraja ndilo tunaloliomba," Methodi akasema.

"Naam, na ndilo mlilo nalo. Mfuko hauwezi kumpa daraja mwenye daraja, Mwenyekiti. Huo utakuwa upendeleo."

Kong'oto hakumwambia mtu alivunje. Jambo hilo alilisema mara tatu, na ya tatu aliomba liandikwe kwenye muhtasari. Alisema tu kwamba atarudi baada ya mwezi kwa ukadiriaji wa marudio, na kwamba fomu huandika kile ambacho jicho la afisa limekiona.

*

Asubuhi yake kijiji kilikutana. Kong'oto alihudhuria kama mwangalizi asiyeangalia, kwa hiyo alikigeuza kiti chake kikatazama ukuta.

Hapakuwa na ugomvi. Methodi alipitisha mchoro ulioletwa na afisa: daraja la saruji, magari yanapishana juu yake, taa zimepangwa pande zote mbili, na mwanamke anavuka na mwavuli. Chini ya mchoro palikuwa na ahadi ya ajira mia tatu. Chungwi haikuwa na nyumba ambayo mtu wake hakwenda mbali kutafuta kibarua, na kina mama walianza kunong'onezana nani atatumiwa salamu arudi.

Kisha macho yote yakamgeukia Pelagia. Methodi alikuwa rafiki wa marehemu, na tangu zamani alimwita shemeji.

"Shemeji, mkono wa Ndimbo hatuwezi kuugusa sisi. Useme wewe."

Pelagia alikuwa amekaa nyuma, miguu ameinyoosha. Aliuliza, "Likishafunguliwa hili, lile linakuja lini?"

"Mwaka wa fedha ujao, Mama," Kong'oto akajibu akiwa bado anatazama ukuta.

"Nao unaanza lini?"

"Huu uliopo ukiisha."

"Huu unaisha lini?"

"Hilo linaamuliwa Makao Makuu."

Pelagia akasema sawa. Alijua Fausta ana mimba ya miezi minne. Alijua pia kwamba asipokubali, kila mama ambaye mwanawe yuko mbali atamtazama yeye kila siku kisimani. Lakini si hayo hasa yaliyomfanya akubali. Tangu siku waliyomzika Ndimbo watu walikuwa wakimwomba vitu, naye akisema sawa, na hakuona kwa nini hili lingekuwa tofauti.

Alilifungua mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua pa kuanzia. Kazi ilichukua siku mbili. Siku ya pili Fausta alikuja akasimama ng'ambo, mikono juu ya tumbo, akamtazama mama yake akirudi kinyumenyume huku akitoa mbao. Nati za mwisho zilipolegea, nyaya ziliteleza zikaingia mtoni, na maji yakafumba juu yake. Pelagia alisubiri kidogo aone kama kuna kitu kitamuuma. Hakuna kilichomuuma. Akapangusa spana kwa kanga, akaenda kuinjika sufuria.

*

Ukadiriaji wa marudio ulikwenda vizuri kupita matarajio. Kong'oto alifika Lutende, akatembea hadi ukingoni, akakuta hakuna pa kupita. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akatoa kipaza sauti na kuwatangazia watu wa Chungwi kwamba wamepata alama sitini na saba, na kwamba kwa kuwa afisa wa serikali ameshindwa kuwafikia, wanaongezewa nne. Jumla ilikuwa sabini na moja. Hakuna kijiji Kisogo kizima kilichowahi kuwa duni kiasi hicho. Cheti kilifungwa kwenye jiwe kikarushwa kwa kombeo. Cha kwanza kililiwa na mto, cha pili kikafika, na Methodi akakitundika ukutani mwa ofisi.

Baada ya wiki chache akaja Waziri wa Maeneo Yaliyoinama kuweka jiwe la msingi. Alikuja kwa helikopta, kwani barabara ya upande wa Chungwi ni siku tatu za kutembea mpaka njia panda ya lami. Upepo wake uliezua banda la kuku, na vumbi likaifunika kwaya. Waziri alipokwisha kupangusiwa kiti alisimama.

"Ndugu zangu wa Chungwi," alisema, "nimepita juu ya mto wenu, na nimeuona. Ni mpana. Serikali imeutazama kutoka angani, na imeguswa. Nataka niwahakikishie kwamba daraja lenu limekamilika katika nyaraka zote. Lililobaki ni la mtoni tu."

Watu walipiga makofi. Jiwe likawekwa: limenakshiwa vizuri, lina jina la Waziri kwa maandishi makubwa na jina la mto kwa madogo, na jina la mto lilikuwa limekosewa.

Kuhusu ajira, mkandarasi aliyekuja na helikopta alieleza kwamba sheria inamtaka aajiri watu wenye uzoefu wa madaraja usiopungua miaka mitano. Vijana tisini walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Wanane kati yao walikuwa wamerudi kutoka mbali baada ya kupata salamu. Mkandarasi aliuliza ni nani kati yao aliwahi kujenga au kutunza daraja, wakatazamana, kisha wote wakamwonyesha kidole Pelagia, aliyekuwa akigawa maji ya kunywa.

Hivyo ndivyo Pelagia Mtweve alivyoajiriwa kuwa Mtunza Jiwe la Msingi. Alipewa kizibao cha kung'aa, kiti na daftari la mahudhurio. Afisa wa Mfuko alimfundisha kutia sahihi kila asubuhi na kuandika matukio yaliyolipata jiwe.

"Na hizo ajira nyingine?" Pelagia akauliza, kwa sababu vijana walikuwa wamesimama pale pale.

"Nyingine zipi, Mama? Kila sahihi ni siku ya ajira, na siku ya ajira ni ajira. Ukikaza mwendo, kabla ya mwaka kwisha tutakuwa tumefika mia tatu."

Helikopta ikaondoka na Waziri, na mkandarasi akapanda pia, akisema anafuata saruji.

*

Kazi haikuwa ngumu. Pelagia alikaa karibu na jiwe akitazama mto, na mto ukapita. Jumamosi za kwanza alijikuta ameshika spana mkononi bila kujua anakwenda nayo wapi. Baadaye akaacha kuishika.

Watoto wa shule walianza kukaa nyumbani. Nyanya zilioza. Mtu aliyetaka kwenda Lutende, ambako jogoo wakiwika husikika Chungwi, ilimbidi atembee siku tatu hadi njia panda, apande basi la siku nzima, kisha arudi hivyo hivyo. Mnara wa simu, watu waliambiwa, utakuja mara tu daraja likikamilika, maana vyuma vyake vitapita hapo.

Mwezi wa tatu wa kazi yake, mke wa jirani yake Kasiani alishikwa na homa kali. Kasiani alifunga chelezo cha migomba ili akafuate dawa zahanati. Alipita mbele ya Pelagia na kamba begani, akamwamkia. Pelagia akamwambia asiende, mamba wameonekana tangu asubuhi. Kasiani akajibu kwamba anajua. Alifika katikati ya mto, na Pelagia akaona chelezo kikigeuka, kikaendelea kuelea peke yake, taratibu, mpaka kwenye kona.

Waliweka matanga bila maiti. Mkewe alipona homa wiki iliyofuata, mwenyewe tu, bila dawa. Kong'oto alikuja ng'ambo na kipaza sauti, akatoa pole ya Mfuko kwa maneno mazuri, na akawajulisha wafiwa kwamba alama za kijiji zimepanda hadi sabini na nne. Pelagia alikaa mbele ya daftari siku ile, kalamu mkononi. Penye matukio yaliyolipata jiwe, aliandika: hakuna. Alisoma alichoandika, akaona ni sahihi, akafunga.

*

Fausta alijifungua wakati wa masika. Pelagia alijua kwa kuona kanga nyekundu imetundikwa kwenye mti ng'ambo, kama walivyoonyeshana kwa ishara zamani. Alisimama ukingoni siku tatu. Siku ya nne Abeli akatokea, na nyuma yake Fausta akitembea polepole. Abeli alimwinua mtoto juu kwa mikono miwili, amefungwa kitambaa cheupe. Kutoka pale alipokuwa Pelagia, kitu kile kingeweza kuwa mkate.

Alipaza sauti kuuliza mvulana au msichana, lakini mto ulikuwa umejaa na unavuma. Abeli naye akapaza sauti. Neno moja tu ndilo lililovuka, nalo lilikuwa: "Pelagia!"

Pelagia alishtuka. Tangu Abeli alipomwoa Fausta alikuwa hajawahi kumtaja mama mkwe wake kwa jina. Akimwona njiani alikuwa akishuka pembeni na kuinamisha uso, kama inavyompasa mkwe. Sasa alikuwa amesimama mbele ya watu anamwita jina lake la ubatizo, tena na tena, kama anayemwita mtoto kutoka mchezoni. "Pelagia! Pelagia!"

"Nipo," akajibu.

Abeli akaita tena. Pelagia akajibu tena kwamba yupo. Waliendelea hivyo mpaka mvua ikaanza na Fausta akamrudisha mtoto nyumbani. Pelagia akarudi kwenye kiti chake. Alifikiri kwamba labda huko ng'ambo adabu zimebadilika, au labda mtu ukikaa mbali muda mrefu unaacha kuwa mkwe, unakuwa jina tu. Hakuchukia. Alitia sahihi ya siku hiyo, kwani asubuhi alikuwa amesahau.

Aliomba likizo akamwone mjukuu. Fomu ya likizo, alijibiwa kwa kipaza sauti, huwasilishwa kwa mkono katika ofisi ya Lutende.

*

Sahihi zilipofika mia mbili na tisini na tisa, Mfuko ulimteua kuwa Mnufaika Bora wa Mwaka. Helikopta ilikuja kumchukua. Alitia sahihi ya mia tatu kabla ya kupanda, na mpiga picha akaipiga picha sahihi hiyo.

Makao Makuu palikuwa na mkutano wa siku mbili kuhusu maeneo yaliyoinama, katika ukumbi wenye baridi ya mashine. Walimpa chumba chenye kitanda cha kulalia watu wanne, na karatasi yenye ushuhuda wake. Aliusoma jukwaani vizuri, bila kukosea, kuhusu mwanamke aliyekata tamaa ambaye sasa ana matumaini. Alipomaliza aliona kwamba mwanamke huyo hamjui.

Kisha mgeni mmoja, mfadhili kutoka nchi za mbali, mzee mwenye uso wa huruma, aliomba kuuliza swali nje ya ratiba. Alitaka kujua, kwa maneno ya Mama huyu mwenyewe, mradi wa daraja umebadili nini katika maisha yake. Mkalimani, msichana aliyevaa miwani, akalitafsiri swali.

Pelagia alifikiri. Hakuwa na nia ya kumwaibisha mtu.

"Zamani nilikuwa navuka," akasema. "Sasa sivuki."

Mkalimani alimtazama Waziri, akamtazama Pelagia, kisha akasema kwa lugha ya mgeni maneno ambayo baadaye yalichapwa katika taarifa: kwamba Mama anasema, kabla ya mradi alikuwa akilazimika kuvuka mto, na sasa hana haja tena. Mgeni aliweka mkono kifuani. Watu wakasimama na kupiga makofi kwa muda mrefu, na Pelagia akasimama pia, kwa kuwa wote walikuwa wamesimama.

*

Helikopta ilikuwa imetengewa fungu la fedha la kwenda tu. Kurudi, Pelagia alikatiwa tiketi ya basi, na afisa akamweleza kwa utaratibu: ashuke njia panda, atembee siku tatu, atakuta kiti na daftari lake vinamsubiri.

Basi lilifika njia panda siku ya pili, mchana. Kondakta aliita jina la kituo. Watu wawili wakashuka na mizigo yao. Pelagia alikuwa amekaa dirishani na kizibao chake kimekunjwa mapajani. Njia ya Chungwi aliiona, nyembamba, inaingia kwenye vichaka. Mwisho wa njia ile palikuwa na nyumba yake, na kaburi la Ndimbo nyuma ya nyumba, na shamba la mihogo, na watu wote aliokua nao. Alijua kwamba asiposhuka, kuviona tena itakuwa safari ya siku nne.

Kondakta aliita tena, akimtazama yeye. "Mama, si ni hapa kwako?"

"Mimi naenda Lutende," Pelagia akasema.

Kondakta akamwambia tiketi yake inaishia hapa. Pelagia akafungua pindo la kanga, akamwongezea nauli, na basi likaondoka.

Alifika wakati Fausta anaanua nguo. Fausta alimwona, akabaki ameshika shuka mikono yote miwili, kisha shuka likaanguka vumbini. Abeli alitoka nyuma ya cherehani yake, akamwona mama mkwe, akainamisha uso na kusogea pembeni ya mlango mpaka alipopita, kama zamani.

Mtoto alikuwa wa kike, ana miezi saba, na meno mawili. Alipompakata tu, mtoto akalia kwa woga, kwa sababu hakumjua.

"Anaitwa nani?" Pelagia akauliza.

Fausta alishangaa. "Mama, hukusikia? Baba yake si alikwambia pale mtoni? Tulimpa jina lako."

Pelagia aliendelea kumtikisa mtoto. Alisema, kwa sauti ile ile ya siku zote, kwamba alikuwa amesikia, ila alidhani anaitwa yeye. Kisha akatambua kwamba uso wake umelowa, na kwamba mtoto ameacha kulia na anayatazama yale maji yakishuka. Yalishuka mpaka jioni. Fausta alimpikia uji akaunywa huku yanashuka, bila kelele, kama bomba ambalo mtu amesahau kulifunga.

*

Mwezi mmoja baadaye Kong'oto alifika kwa tathmini ya mwisho wa mwaka. Alimkuta Pelagia uani kwa Fausta, anamwogesha mjukuu kwenye beseni. Pelagia alijiandaa kuulizwa kwa nini ameacha jiwe, lakini afisa hakuwa na hasira. Kiti chake kilikuwa kimechukuliwa na mtu mwingine, hivyo waajiriwa wamekuwa wawili, na takwimu zimependeza. Alitaka kuhakikisha jambo moja tu. Je, ni kweli kwamba yeye alikuwa mkazi wa Chungwi, na sasa yuko Lutende?

Pelagia akasema ni kweli.

Kong'oto akaandika kwamba tangu mradi uanze, mwananchi mmoja amefanikiwa kufika ng'ambo. Alionekana kufarijika. Akachutama karibu na beseni, akashusha sauti kidogo.

"Mama, kuna kijiji kingine huko juu, Ibungu. Nacho kina mto, na nimesikia kina daraja la nyaya, la kizamani kama lile la marehemu. Wanapungukiwa alama sita tu. Watu wazuri sana, wanateseka. Wako tayari kulifungua, ila hawajui zile nati zinafunguliwaje. Wewe ndiye mtaalamu pekee tuliye naye nchini. Mfuko unaweza kukupeleka hata kesho."

Pelagia alimimina maji kwa kiganja mgongoni mwa mtoto. Daraja la Ibungu alilijua. Ndimbo alikwenda kuwasaidia watu wa huko kulifunga, mwaka ule Fausta alipozaliwa, na aliporudi alimweleza nati zote zilivyokaa. Ukianza upande wa kushoto, kwa spana namba kumi na tisa, hata mwanamke mjamzito angelifungua kwa siku moja.

"Hazifunguki," akasema.

"Hazifunguki kabisa?"

"Kabisa, bwana afisa. Zile zimeshashikana na kutu. Ukizilazimisha, nguzo itakuangukia."

Kong'oto alisikitika. Aliwaza, akageuza ukurasa, akaandika maelezo ya kitaalamu kama alivyoyasikia, kisha akampa kalamu athibitishe kwamba ni ya kweli. Pelagia akapangusa mkono kwenye kanga, akatia sahihi, akarudi kumsuuza mtoto kichwa kabla sabuni haijaingia machoni.

Hivyo, inasikitisha kueleza, Ibungu kiliandikwa kuwa kijiji kisichostahili kuinuliwa. Hakikupata jiwe, wala Waziri, wala ajira hata moja, na mpaka leo watu wake bado wanavuka.